Kwa Terry Haxby, Aliyepanda Jukwaani Akiogopa

Mwaka umetimia, Terry, tangu Alhamisi ile ya Februari ulipotutoka hapa Doha, saa nane mchana na dakika chache, mkono wako wa kushoto ukiwa mkononi mwa binti yetu Chelsea, na mimi nimesimama upande wa mashine kama mtu aliyekuja zamu.

Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza nyumbani. Ulikuwa ukisema Kiingereza ni lugha ya kazini. Ukikiongea unahisi kuna mtu anakupimia muda. Kiswahili ulifundishwa na mama yangu wa Nkubu, Kenya, kwa simu, kisha ukakimalizia kwa Wakenya wa hapa, mpaka ukawa unakosea ngeli makusudi ili Chelsea akusahihishe. Anayeandika ni mimi mkeo, Kawira. Chelsea amekaa kando anasoma kila mstari, na pale nilipojifanya jasiri kuliko nilivyokuwa, amenifutia.

Wengi watakaosoma hapa walikujua tu kama yule Mwingereza mrefu wa Ijumaa, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa kanisani Mesaimeer, karibu na mlango. Acha tuwaambie kidogo.

Ulizaliwa Grimsby, mtoto wa mpaka rangi nyumba. Ukiwa na miaka kumi na tisa ulikuwa ukibeba masanduku ya mtu wa mazingaombwe katika kambi za likizo. Siku moja yule mtu akalewa, wakakusukuma wewe mbele ya watu mia mbili. Uliniambia hukufanya lolote. Ulisimama, ukautazama mlango, ukawatazama watu, ukautazama mlango tena. Wakacheka. Hukuwa unaigiza, ulikuwa unatafuta pa kutokea.

Miaka kumi iliyofuata, kwenye televisheni ulikuwa tarishi wa neno moja, maiti katika kipindi cha polisi, mtu wa tano kwenye foleni ya benki. Kisha wakakupa Bwana Nettlefold, karani wa ofisi ya mizigo iliyopotea katika stesheni ya treni, mtu anayeogopa kila begi linaloletwa mezani kwake. Kila wiki begi jipya, kila wiki anasema, "Si langu hilo," na kila wiki analazimika kulifungua. Kipindi kilikwenda miaka tisa. Watu walikuita Nettlefold sokoni, hospitalini, hata kwenye mazishi ya baba yako.

Wasichojua ni ile ndoo. Kila mara kabla ya kurekodi ulitapika kwenye ndoo nyuma ya pazia, dada wa mavazi akikushika kichwa. Woga wa Nettlefold ulikuwa wako. Ulipanda nao jukwaani, watu wakauona usoni mwako wakadhani ni ufundi. Na kusema kweli ulikuwa ufundi pia. Nimehudumia wagonjwa waoga miaka ishirini na tano. Sijaona mwingine aliyeweza kuushika woga wake mpaka sekunde anayoitaka ndipo auachilie.

Ulikuwa na miaka arobaini na nne ulipoishiwa na maneno. Kilikuwa kipindi kingine, watazamaji wamejaa studio, na mstari uliokuwa umeukariri wiki nzima haukuja. Sekunde arobaini. Mwanzo walicheka, wakidhani ndiyo kazi yenyewe. Kisha wakaacha kucheka. Ulitoka kwa mlango wa nyuma ukiwa bado umevaa nguo za kipindi, na hukurudi.

Mwaka uliofuata ulilazwa Leeds kwa jiwe la figo, katika wodi yangu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakikuomba sahihi, nami nikadhani wewe ni mchungaji. Nilikuuliza kanisa lako ni lipi. Ulicheka mpaka jiwe likakuuma. Ulinieleza baadaye kwamba ulinipenda hapo hapo, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kwanza kwa muda mrefu ambaye hakuwa akingoja useme kitu cha kuchekesha.

Nilipopata kazi Doha, ulikuja chini ya kibali changu, umeandikwa "mume wa muuguzi". Karatasi hiyo uliwaonyesha watu kwa fahari kuliko tuzo zako. Hapa hakuna aliyekujua. Mara moja tu, kwenye duka moja la mtaa wa The Pearl, mume na mke kutoka kwenu walikutambua, ukaenda ukajificha nyuma ya friji ya mtindi hadi walipolipa wakatoka. Chelsea alikuwa na miaka tisa. Alikushika mkono akakwambia, "Wameenda, Baba," na mkaendelea kuchagua mtindi.

Lakini kazi haikukuacha. Ijumaa baada ya ibada ulianza kukaa na vijana waliokuwa wakitunga michezo mifupi kwa ajili ya sherehe za Wakenya. Hapo ndipo ulipompata Kiprop, mlinzi wa jengo moja la West Bay, aliyesimama saa kumi na mbili kwa siku kwenye ukumbi wa kioo akiwasalimia watu wasiomwitikia. Kiprop alitaka kazi ya mapokezi hotelini. Alikuwa amefeli mahojiano matatu kwa sababu akiulizwa jina lake anatetemeka. Hukumwambia aache kuogopa. Ulimwambia, "Ogopa, lakini uanze kuongea kabla hujamaliza kuogopa." Mlifanya mazoezi sebuleni kwetu, wewe ukiwa meneja mkali, Rael akiwa mgeni aliyepoteza ufunguo. Rael, kwa wasiomjua, ni dada yetu wa kutoka Eldoret anayefanya kazi katika nyumba ya familia moja hapa, na Ijumaa yake moja ya mapumziko alikuwa akiitumia kucheka nyumbani kwetu.

Kisha ikaja ile r.

Ulikuwa ukimwita Rael jikoni, ikatoka "Lael". Wote wakacheka, nawe ukacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya githeri na sikucheka. Wiki iliyofuata niliona ulimi wako ukitetemeka ndani ya mdomo ulipokuwa ukipiga mswaki, mitetemo midogo midogo kama maji yanayokaribia kuchemka. Nilijua. Terry, nakuungamia mbele ya watu hawa: nilijua siku kumi na moja kabla ya daktari kukuambia. Nilipika, nilienda zamu, nilikukatia nywele, na kila ulipofungua mdomo nilikuwa nikikuchunguza. Niliogopa kwamba nikilitaja jina la ugonjwa litakaa nasi mezani. Nisamehe siku hizo kumi na moja. Zilikuwa zako, sikuwa na haki ya kuzikalia.

Ndani ya siku hizo ndipo ulipozuiwa kwenye lango la duka moja kubwa. Ulikuwa umemuuliza mlinzi njia, maneno yakatoka yamelegea, akadhani umelewa. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao. Ulijaribu kueleza, na kadiri ulivyojaribu ndivyo ulivyozidi kusikika mlevi. Wewe, ambaye hukuwa umeonja pombe tangu yule mtu wa mazingaombwe. Walikuachilia baada ya nusu saa, bila ubaya. Ulifika nyumbani shati limeloa. Ukakaa kwenye kiti cha mlangoni, cha kuvulia viatu, na ukaniuliza polepole, neno moja moja, "Kawira, kinywa changu kina nini?"

Nikasema sijui.

Daktari alisema ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, na kwako umeanzia kooni. Hauna tiba. Alizungumza taratibu, akachora mchoro. Chelsea aliuliza utaishi muda gani, daktari akatazama mchoro wake. Lakini jambo lililotutisha zaidi alilisema mwishoni, tukiwa tumeshasimama. Alisema ugonjwa huu wakati mwingine humtia mtu kicheko asichokitaka. Kinamjia tu, hata kama hakuna la kuchekesha, na hawezi kukizuia. Na koo lako lilikuwa limeanza kudhoofika. "Akicheka huku kuna kitu mdomoni, hata mate, anaweza kupaliwa," alisema. "Hapo ndipo pa kuogopa."

Ulimtazama, ukanitazama, ukautazama mlango.

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyoanza kuogopa kicheko. Naandika hili kwa aibu kidogo, maana mimi ndiye niliyeweka sheria. Hakuna hadithi wakati wa chakula. Televisheni izimwe. Rael asije saa ya kula. Maji yako niliyachanganya na ule unga wa kuyafanya mazito, nyama nikaikata vipande vidogo kama punje, kisha nikaacha nyama kabisa. Chelsea alikuwa akirudi shuleni na visa vya mwalimu wao wa kemia anayesahau majina, anafika mezani anafunga mdomo. Tulikula tukisikiliza vijiko. Siku moja alisema, "Mum, ni kama tunaishi maktaba." Na kwa kuwa alilisema hilo kwa uso mkavu, kicheko kikakujia, kile kisicho chako, macho yako yakiwa yametutazama kwa hofu huku mdomo ukicheka. Uji ukaingia pabaya. Ilituchukua dakika nne kukurudisha. Baadaye Chelsea alijifungia chooni, nami nikasimama nje ya mlango nikimwambia hakukosea, lakini sauti yangu haikunisadikisha hata mimi.

Kazini nilianza kuogopa simu. Ikitetemeka mfukoni nilikuwa nikihesabu hadi tatu kabla ya kuitazama. Mwezi wa nane sauti yako ikaisha kabisa, ukabaki na ubao mweupe na kalamu, na mkono wa kulia nao ukawa unachoka. Ulijifunza kuandika kwa wa kushoto, herufi kubwa zinazopanda mlima.

Mwezi wa kumi na moja ukaandika: DAKIKA TISA.

Sikuelewa. Ukafuta, ukaandika: SHEREHE YA DESEMBA. MIMI NA KIPROP.

Nilisema hapana kabla hujaiweka kalamu chini. Nilikueleza kama muuguzi, kisha nikakueleza kama mke, kisha nikapiga meza. Nilimgeukia Chelsea nikijua atakuwa upande wako. Hakuwa. Alikwambia, "Baba, sitaki kukuona ukifa mbele ya watu wanaokula keki."

Uliuvuta ubao. Kisha ukaandika, ukapumzika, ukaandika tena, hadi ubao ukajaa: MIAKA ISHIRINI NA MITANO NILIOGOPA KILA MARA. KILA MARA NILIPANDA. HII NDIYO KAZI NILIYOIFANYA.

Na chini, kwa herufi ndogo zaidi: SASA MNANIOGOPEA NINYI. NIRUDISHIENI WOGA WANGU.

Siku ya tatu nilikuja na masharti. Tumbo liwe tupu kwa saa nne. Mashine ya kufyonza mate kooni iwe nyuma ya pazia, nami pembeni yake. Na ukiona hewa inakwama, uinue mkono wa kushoto, nami nitakuja hata kama ni katikati ya neno. Ukatia sahihi ubaoni, sahihi ile uliyokuwa ukiwapa watu, yenye mkia mrefu.

Mchezo wenyewe mlitunga nyinyi wawili. Mteja anaingia kwa kinyozi. Mteja hawezi kusema, kinyozi hawezi kunyamaza. Kinyozi anauliza, anajibu mwenyewe, anakasirishwa na jibu alilojipa, na muda wote huo anakata nywele zisizotakiwa kukatwa. Ulisisitiza nywele zikatwe kweli. Mlifanya mazoezi wiki nne sebuleni, nami nikikaa na saa mkononi. Kiprop alikuwa na hofu kunizidi. Aliniambia jikoni, "Mama Chelsea, mzee akipata shida mbele yangu, mimi nitafanya aje?" Nikamwambia atazame mkono wa kushoto, hiyo tu.

Siku ilipofika ukumbi ulikuwa na watu karibu mia mbili na hamsini, watoto wamekaa chini mbele. Ulitapika kabla ya kupanda, tumbo tupu, maji matupu. Nilikushika kichwa. Ulipoinua uso niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nikufahamu. Ulikuwa na furaha.

Pazia likafunguliwa. Uliingia, ukakiona kiti cha kinyozi, ukautazama mlango. Ukumbi ukacheka, nawe ukawapa muda wao wote wa kucheka ndipo ukakaa. Kiprop akatoka na mkasi na mashine ya kunyolea. Kisha, kwa kutaka mambo yawe mazuri, akatoa kitu ambacho hatukuwahi kukitumia katika mazoezi. Alikuwa amemwomba kinyozi wa mtaani kwao lile shuka jeusi la kumfunika mteja. Akalikung'uta, akalizungusha, akalifunga shingoni mwako.

Likakufunika hadi magotini, na mikono yote miwili.

Nilijaribu kumwonyesha Kiprop ishara lakini alikuwa ameshaanza kuongea na mwanga ulikuwa machoni pake. Alikuwa mzuri, Terry. Hakutetemeka. Nusu ya kichwa chako ilikuwa imenyolewa, watu wanapiga meza, wamama wa nyuma wamesimama kwenye viti. Dakika ya tano nikaanza kujiambia kwamba tutavuka.

Ndipo kicheko kikakujia. Nilikijua kwa macho yako. Ukumbi haukujua. Waliona mteja bubu ameshindwa kujizuia kwa ujinga wa kinyozi, nao wakacheka zaidi, na kadiri walivyocheka ndivyo mabega yako yalivyopanda. Kisha mabega yakakwama juu. Chini ya shuka kitu kikasogea upande wa kushoto, kikapanda, kikaanguka. Watoto wa mbele walilielekezea vidole lile shuka, wakacheka.

Kiprop aliona midomo yako. Akaweka mashine chini, akageukia watu. "Jamani, ngojeni," alisema. "Hii si mchezo. Mzee hapumui."

Wakacheka kuliko mwanzo wote. Maskini, walidhani ni mstari wake. Sauti ile nitakufa nayo: watu mia mbili na hamsini wakifurahi, na wewe katikati unageuka rangi.

Sikumbuki nilivyopanda. Chelsea anasema niliruka juu ya waya na mashine kifuani kama mtoto. Nilichana lile shuka, nikakuinamisha mbele, Kiprop akakushika kifua, nikaingiza mrija. Vicheko vilikatika kimoja kimoja, kuanzia mbele kwenda nyuma. Nilisikia mtu akisema, "Ni kweli." Kisha hapakuwa na sauti isipokuwa ya mashine. Mara ya kwanza haikuja kitu. Mara ya pili haikuja. Chelsea alikuwa amefika amepiga magoti miguuni pako, akikuita, si kwa sauti kubwa, anakuita tu. Mara ya tatu ukavuta hewa, na hewa hiyo ilisikika hadi mlangoni.

Nilitaka kufunga pazia. Ulinishika mkono, ukakataa kwa kichwa. Ulikaa ukipumua, uso ukirudia rangi yake, na ukumbi mzima umekufa ganzi, ule ukimya uliokufukuza studio miaka kumi na minane iliyopita. Ukawatazama. Hukutazama mlango. Ukalivuta shuka lililochanika kwa mkono wa kushoto, ukajifunika kifua, ukamgeukia Kiprop, na polepole ukainua kidole ukamwonyesha upande wa kichwa ambao bado haujanyolewa.

Aliyecheka kwanza ni Rael. Tunamshukuru mpaka leo.

Nami nilikuwa bado nimesimama pale na mrija mkononi, miguu imeisha nguvu. Nikakaa kwenye kiti cha wateja wanaosubiri, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Kiprop alinitazama, mashine ya kunyolea imeanza kunguruma tena mkononi mwake, akaanza kuongea kabla hajamaliza kuogopa. "Mama, wewe ndiye unafuata?"

Nikamjibu kwa ukweli mtupu. "Siwezi kusimama."

Ukumbi ukalipuka. Sijawahi kuchekesha mtu maishani mwangu. Uligeuza kichwa ukanitazama, nusu na nywele nusu upara, kama fundi anavyomtazama mwanafunzi aliyebahatisha. Dakika nne zilizobaki mlizimaliza, nami nikiwa kwenye kile kiti.

Nyumbani nilikulaumu hadi koo likakauka. Ulisikiliza yote. Kisha ukaandika: MUDA WAKO ULIKUWA MZURI.

Wiki saba baadaye maji yalikaa kwenye mapafu. Hospitalini tulikaa siku sita. Niliogopa kifo chako kingekuwa cha kupaliwa, nami natazama. Kila muuguzi aliyenikuta nikisali alijua nasali kuhusu jambo gani. Hakikuja hivyo. Dawa ya kutuliza ilikuwepo, daktari alikuwepo, ulishuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi akishikilia ukuta. Asubuhi ya mwisho Chelsea alikushikia ubao na ukaandika maneno mawili yaliyosomeka: KIPROP AMEITWA?

Alikuwa amefanya mahojiano ya hoteli juma lililotangulia. Nilikwambia ndiyo, ameitwa. Ukafumba macho ukiwa umeridhika.

Nilikudanganya, Terry. Hakuwa ameitwa, na hoteli ile haikumwita kamwe. Chelsea alijua, akanyamaza, na jambo hilo limekaa kati yetu mwaka mzima kama kiti ambacho hakuna anayekikalia. Basi leo pokea habari ya kweli: Kiprop alifanya mahojiano mengine mawili, akafeli moja. Tangu Juni yuko mapokezi katika hoteli moja ya The Pearl. Anasema bado anaogopa kila mgeni anapokaribia dawati.

Tulikuzika Grimsby. Dada yako Ann alisimamia kila kitu. Jeneza lilipoingizwa kanisani, mtu tusiyemjua alipaza sauti kutoka viti vya nyuma, "Si langu hilo," na Ann alimgeukia akamwambia, "Ni letu. Kaa chini." Akakaa.

Umetuachia woga mwingi, hatutaficha. Bado naikata nyama vipande vidogo. Bado nahesabu hadi tatu kabla ya kuitazama simu. Chelsea husikiliza kupumua kwangu nikilala mchana baada ya zamu, nami hujifanya sijui. Vipindi vyako vyote vipo mtandaoni, na hakuna kati yetu aliyethubutu kufungua hata kimoja, kwa sababu humo unazungumza.

Lakini Ijumaa iliyopita tuliwaita Kiprop na Rael waje kula. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ututoke. Katikati ya chakula Chelsea akaanza kisa cha yule mwalimu wa kemia, alivyomwita mwalimu mkuu kwa jina la mkewe. Rael akacheka, mdomo umejaa pilau, kisha akaanza kukohoa. Nilikuwa nimeshainuka nusu. Kiprop ameshika ukingo wa meza. Chelsea ananitazama mimi.

Rael akapunga mkono kwamba yuko sawa. Akanywa maji, akapangusa macho, akasema, "Endelea, kisha mwalimu mkuu akasemaje?"

Chelsea hakuendelea. Alikuwa akingoja aone nitafanya nini.

Nikakaa. Nikamwambia, "Endelea, mwanangu."

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Kawira, na binti yako Chelsea. Dada yako Ann, Grimsby. Mama mkwe wako Roselyne, Nkubu, anayeuliza kila Jumapili kama kaburi lina maua. Kiprop na Rael, ndugu zetu wa Doha. Na wale wote waliokuwa ukumbini siku ile.

Popote tutakapoketi kula, Terry, jina lako litatajwa.